Usipime Jeraha Kabla Halijapona



Somo la toleo hili halihusu twahara wala mirathi. Linahusu barabara. Limeletwa na jambo lililompata mwenzetu wa mwaka wa kwanza, ambaye ameniruhusu kulieleza mradi nisimtaje jina.

Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ameswali katika msikiti mkuu wa Old Kampala, akateremka kwa miguu kuelekea paki ya zamani ya teksi. Kila anayesoma Kampala anaujua mteremko ule saa nane mchana: waumini wanashuka, wachuuzi wametandaza nguo mpaka kwenye lami, bodaboda zinapita pande zote mbili, na teksi zinagombania mlango mmoja wa kuingilia. Teksi moja ilikuwa ikirudi nyuma. Kondakta, ambaye kazi yake wakati huo ni kumwangalizia dereva, alikuwa ananadi abiria. Mwenzetu akabanwa kwenye ukingo wa mtaro, mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti.

Siku ya tatu mwenye gari alikuja wodini. Alikuwa na tende, maziwa, bahasha yenye shilingi 400,000 na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Baba wa kijana alikuwa amefika alfajiri kwa basi la usiku kutoka Yumbe. Mwenye gari ni Mwislamu. Alisalimia kwa adabu, alimwita "mzee wangu", alizungumza habari za kadari. Mzee akasema alhamdulillahi, mwanangu yu hai, akatia saini kwa herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo anazozijua. Karatasi ilisema familia imepokea malipo yote na ya mwisho, na haitadai chochote tena kwa dereva, kwa mwenye gari wala kwa kampuni ya bima.

Wiki ya sita picha ilionyesha mfupa haukuunga. Ikatakiwa operesheni nyingine na bamba la chuma, gharama ikawa mara kadhaa ya bahasha ile. Mzee alipopiga simu alijibiwa, "Mzee, si tulimalizana?"

Sitaki msomaji amwone mwenye gari kuwa shetani. Alikuja hospitali, na wengi hawaji. Lakini alikuja na karatasi iliyokwisha kuandaliwa, na anayeandaa karatasi ya namna hiyo anajua anachokitafuta.

Kadari na dhamana

Neno la kwanza ambalo huwazuia Waislamu wengi wasidai haki yao baada ya ajali ni hili: ni kadari, tumwachie Allah. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, hilo halina mjadala. Ila Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa aya ya 92, imezungumzia mtu aliyeua bila kukusudia, na haikusema kwamba kwa kuwa hakukusudia basi mambo yaishe. Imemwekea mambo mawili. La kwanza ni kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. La pili ni diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe kuwa sadaka.

Angalieni mgawanyo huo. Diya ni haki ya watu, kwa hiyo wenyewe wanaweza kuisamehe. Kafara ni haki ya Allah. Familia haina uwezo wa kuisamehe. Dereva aliyeua mtu kwa uzembe wake pale Wandegeya, hata akisamehewa na kukumbatiwa na wafiwa wote, funga yake ya miezi miwili bado inamngoja. Nimeuliza madereva kadhaa wa Kiislamu kuhusu hili na wengi hawakuwahi kulisikia. Maimamu wetu walitaje kwenye hotuba.

Kusudio, basi, linahusu dhambi na adhabu. Dhamana ya kilichoharibika inabaki hata pasipo kusudio. Kudai fidia hakupingani na kuridhika na kadari, kama ambavyo kwenda kwa daktari hakupingani nako.

Jeraha lisubiriwe

Sasa tuje kwenye kiini. Imam Ahmad na Daraqutni wamepokea kutoka kwa Amr bin Shuaib, naye kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kisa cha mtu aliyechomwa kwa pembe gotini. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akataka haki yake papo hapo. Mtume akamwambia asubiri mpaka apone. Akarudi tena na kushikilia, akapewa. Baada ya muda akaja akisema amekuwa kiwete. Akaambiwa kwamba alikwisha kukatazwa naye hakusikia. Tokea hapo Mtume akakataza jeraha kulipiziwa kisasi kabla mwenyewe hajapona.

Wanazuoni wametofautiana kiasi: wengi wameona kusubiri ni wajibu, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, kusubiri kabla ya kisasi kumependekezwa. Lakini hekima iko wazi kwa kila mtu. Jeraha la leo si lazima liwe jeraha la mwezi ujao. Katika fiqhi, mguu uliopotea kabisa una nusu ya diya kamili, ilhali mfupa uliovunjika ukaunga hukadiriwa na hakimu kwa kiasi cha upungufu uliobaki. Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa mno, na siku ya tatu wodini hakuna ajuaye, hata daktari, mgonjwa ataangukia upande gani.

Sulhu ni jambo jema, na Uislamu unaihimiza. Katiba ya Uganda nayo, ibara ya 126(2), inaziagiza mahakama kuhimiza upatanishi kati ya wahusika. Mistari hiyo hiyo, kabla ya kutaja upatanishi, inaagiza kwamba aliyedhulumiwa apewe fidia ya kutosha. Sulhu ya kweli ni ya watu wawili wanaojua wanachopatania. Mzee wetu alijua kiasi cha bahasha tu. Hakujua mguu utagharimu nini.

Ushauri wangu ni huu: mtu akija na msaada siku za mwanzo, mpokeeni, mshukuruni, mwandikieni hati ya fedha mlizopokea, kwamba ni msaada wa matibabu wa tarehe fulani, na kwamba madai mengine yatazungumzwa mgonjwa akishapona. Asiyekubali hati ya namna hiyo amewaonyesha kwamba hakuja kwa ajili ya msaada.

Karatasi ya mzee

Je, saini ile imefunga mlango? Hapa sheria ya Uganda ina jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya wanaosoma sheria. Ipo sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati inayohusika. Basi mzee anayemaliza juzuu tatu kwa siku katika Ramadhani, mbele ya karatasi ya Kiingereza ni mtu wa kulindwa na sheria hiyo. Na sheria inamtaka aliyemwandikia hati mtu kama huyo aandike jina lake kamili na anwani yake kwenye hati, iwe ishara kwamba ameagizwa kuandika hivyo na kwamba hati imesomwa na kufafanuliwa.

Karatasi ya mzee haina jina la mwandishi. Hakuna aliyeisoma kwa Kiswahili wala kwa Kiaringa. Mwenzetu mmoja wa kitivo cha sheria ndiye aliyeliona hilo, akiwa ameketi kitandani bwenini na karatasi mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa tukaona pa kuanzia. Mambo bado yako kwa wakili, sitayaeleza zaidi. Ila wewe mwenye mzazi kijijini, mpigie simu leo umwambie: asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini.

Sheria inampa nini aliyegongwa

Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kesi ya jinai: polisi na serikali dhidi ya dereva, kwa kuendesha kizembe au kwa hatari. Faini ya hapo inakwenda serikalini. Hakimu anaweza kuamuru mtiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, lakini usiitegemee hiyo. Ya pili ni madai yako wewe, ambapo unathibitisha kwamba dereva alikuwa mzembe na kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza. Hapo unamdai dereva, na mara nyingi mwenye gari pia, kwa kuwa dereva alikuwa kazini mwake. Wenye teksi hupenda kusema dereva amekodi gari, analeta hesabu ya siku tu. Mahakama haimezi maneno hayo bila kutafuna.

Kisha kuna bima. Kila gari barabarani linatakiwa na sheria ya 1989 kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile stika ya kiooni. Imewekwa kwa ajili yako wewe mpita njia. Tatizo ni kiwango chake: sheria hiyo iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali moja. Mwaka 1989 hiyo ilikuwa fedha. Leo haitoshi bamba la chuma na usiku chache za wodi. Wengi wakiambiwa "bima inalipa milioni moja tu" hudhani madai yameishia hapo. Hayajaishia hapo. Kikomo ni cha kampuni ya bima. Kilichozidi bado ni deni la dereva na mwenye gari. Kampuni ikikuzungusha, mamlaka ya kusimamia bima ina ofisi ya kupokea malalamiko.

Nani anasikiliza? Kwa marekebisho ya 2007, hakimu wa daraja la kwanza aliwekewa kikomo cha madai ya milioni 20 na hakimu mkuu milioni 50. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Na muda: madai ya kuumia mwilini yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali au la halmashauri ni miaka 2 tu. Kwa madai ya kifo msisubiri hata hiyo. Mwoneni wakili mara matanga yakiisha. Muda ukipita, hata ungekuwa na ushahidi wa picha na dereva aliyekiri, unarudi nyumbani mikono mitupu.

Tusijidanganye kwamba mwenye miguu ana haki daima. Ukivuka Bombo Road huku macho yako kwenye simu, mahakama itakugawia sehemu ya kosa. Ikiona hasara yako ni milioni 10 na sehemu yako ya uzembe ni asilimia 30, utapata milioni 7. Huo ni uadilifu. Njia ina haki yake, na Mtume (s.a.w.) aliwafundisha waliokaa barabarani kuipa haki hiyo; mpita njia naye amo.

Saa ya kwanza

Kesi nyingi za ajali hupotea barabarani, kabla ya kufika kwa wakili. Kampala mjini ushahidi hufutika kwa dakika tano: gari linasogezwa, mchuuzi anarudisha meza yake, damu inamwagiwa maji. Aliyeumia hawezi kufanya lolote. Kazi ni ya mwenzake aliye naye, kwa hiyo haya ni ya kila mmoja wetu.

Kwanza, msimpige dereva. Nalisema hili kwa uzito. Kumpiga ni dhuluma, na ndiko kunakofanya madereva wakimbie badala ya kusimama kama sheria inavyowataka. Dereva akikimbia bila nambari yake kuonekana, humjui wa kumdai wala bima ya kuidai. Basi nambari ya gari ndiyo ya kwanza kupigwa picha, kisha stika ya bima, kisha mahali gari liliposimama kabla halijasogezwa, pamoja na kivuko cha miguu kama kipo, taa, na alama za breki. Chukua majina na simu za watu wawili waliokuwepo. Mchuuzi mwenye kibanda pale ni shahidi bora kuliko abiria, kwa sababu kesho utamkuta palepale.

Mgonjwa apelekwe hospitali. Mtu mwingine aende kituo cha polisi kuandikisha ajali na kuchukua nambari ya jalada. Ombeni fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, daktari aijaze yote. Baadaye mtahitaji ripoti ya polisi yenye mchoro wa ajali. Fuatilieni, kwa upole lakini bila kuchoka. Majalada yana tabia ya kulala. Akitokea mtu kudai kitu kidogo ili jalada liamke, ombeni namba ya risiti.

Risiti, ndugu zangu. Gharama ulizotumia lazima uzitaje na uzithibitishe moja moja: dawa, picha, magongo, bodaboda ya kwenda kliniki, nauli ya mzazi kutoka nyumbani. Maumivu na upungufu uliobaki hakimu huyakadiria mwenyewe, lakini hawezi kukukadiria dawa ambayo hukuchukua karatasi yake. Bahasha moja ya kaki chini ya godoro inatosha, kila karatasi inaingia humo. Sisi tuliianza yetu wiki ya sita. Tulichopoteza kabla ya hapo hatukukipata tena.

Wakili na dalali

Mkiwa wodini atatokea kijana mwenye shati safi atakayesema anamjua wakili atakayeshughulikia kila kitu, tieni saini hapa tu. Kanuni za maadili za mawakili wa Uganda zinakataza kutafuta wateja kwa madalali, kwa hiyo wakili anayemtuma kijana huyo amekwisha kuvunja kanuni kabla hajaanza kazi. Mwulizeni wakili cheti chake cha mwaka huu cha kufanya kazi, na mthibitishe kwenye chama cha mawakili. Ada iandikwe: kiasi gani, kwa kazi gani, na fidia ikilipwa inaingia akaunti ya nani. Hata katika fiqhi ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi. Msimpe mtu hati ya uwakilishi inayomruhusu kupokea fedha kwa niaba yenu bila nyinyi kujua.

Asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Chuo cha mafunzo ya mawakili, LDC, kiko hapa hapa Makerere, na kina kliniki ya msaada wa sheria ambamo wanafunzi husimamia mambo ya watu wasio na uwezo chini ya mawakili wao. Kitivo cha sheria cha Makerere nacho kina kliniki yake, na chama cha mawakili kina mradi wa msaada. Watakuuliza kipato chako na watapima kama shauri lina nguvu; huenda wasilichukue, lakini ushauri wa nusu saa unaweza kukuokoa na karatasi kama ya mzee. Nenda na nakala, si na asili.

Maswali mawili tuliyoulizwa

Ndugu mmoja aliuliza kwa nini jambo la Waislamu wawili lisipelekwe kwa kadhi. Katiba, ibara ya 129, imetaja mahakama za makadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Ajali haimo. Kadhi au imamu anaweza kuwapatanisha mkiridhia, na ningependa tuanze naye, mgonjwa akishapona na ripoti ya daktari ikiwa mezani. Mkishindwana, kudai haki katika mahakama ya nchi ni halali, kwa sharti usidai zaidi ya ilivyo haki yako. Anayejifanya kiwete mbele ya hakimu ili fidia ipande anakula mali ya mwenzake kwa batili, na kula kwake kwa hukumu ya mahakama hakuifanyi halali.

Dada mmoja aliuliza kuhusu riba. Swali zuri, kwa sababu mahakama zetu zikihukumu malipo huongeza riba mpaka siku ya kulipwa. Fidia yenyewe ni haki yako. Ile nyongeza, wengi wa wanazuoni wa zama zetu wanaihesabu kuwa riba: usiitumie kwa nafsi yako, wala usihesabu kuwa sadaka, itoe kwenye maslahi ya watu, mathalani matibabu ya wagonjwa wasio na uwezo, kwa nia ya kujitoa nayo. Mwambie wakili wako akupe hesabu ya mafungu mawili mbalimbali, la fidia na la riba, ili ujue unachotoa. Mwenzetu ameshamwambia wakili wake hivyo, ingawa shauri lake bado halijapangiwa tarehe.